"Nasuka Tu": Neno Dogo Linalokula Bei Yako

Nikiwa mwaka wa pili, dada mmoja wa hosteli alinitambulisha kwa mgeni wake: "Huyu ndiye msusi wetu." Nikadakia haraka, "Hapana jamani, mimi nasoma, nasuka tu." Sikutaka mgeni anichukulie poa. Wiki iliyofuata akaja kusuka rasta. Nilipomtajia elfu thelathini, akacheka: "Si ulisema unasuka tu?" Nikashuka hadi elfu ishirini, rasta nanunua mimi.

Nimlaumu nani? Neno lile lilitoka kinywani mwangu.

Tufanye hesabu. Paketi nne za rasta kwa shilingi 2,500 ni 10,000. Ikabaki 10,000. Nilianza saa mbili asubuhi, nikamaliza saa kumi jioni. Saa nane! Yaani nililipwa 1,250 kwa saa, mgongo unauma, na testi ya kesho yake sijaigusa.

Wewe unayesuka au kunyoa wenzako hapa chuoni, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tambua unachokijua. Msusi haanzi na kitana, anaanza na macho. Nywele za pembeni mwa uso ni laini. Zikivutwa sana kila mara, shina huumia, na hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu zinaweza zisiote tena. Kumwambia mteja, "Hapa tulegeze, utakatika nywele," ni ujuzi. Anakulipa kwa uamuzi huo pia, si kwa vidole peke yake.

Pili, tenganisha kazi na utu wako. Mteja akisema mstari umepinda, kilichopinda ni mstari, si wewe. Fumua, rudia, omba radhi. Lakini akisema, "Msomi mzima unasuka watu?" hapo hakuna cha kufumua. Endelea na kazi.

Tatu, itaje kazi yako bila kuinamisha kichwa. Sarah Breedlove, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mfua nguo kabla ya kuanza biashara ya kutunza nywele. Dunia inamjua kama Madam C.J. Walker. Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, mwenyekiti, Booker T. Washington, hakumpa nafasi ya kuzungumza. Alisimama mwenyewe, akawaeleza alikotoka, mashamba ya pamba na beseni la kufulia, na biashara aliyoijenga. Hakuficha beseni wala nywele. Mwaka uliofuata alialikwa kuzungumza.

Sasa usinielewe vibaya. Kujithamini si kuwakomoa wenzako ambao bumu halijaingia. Ukitaka kumpunguzia rafiki, mtajie kwanza bei kamili, halafu punguza. Hapo atajua umempa zawadi. Ukianza na bei ya chini, ataamini ndiyo thamani ya kazi yako, na kesho atataka ushuke tena.

Zoezi la wiki hii: andika gharama ya vifaa, saa unazotumia, na kiasi unachobaki nacho. Ukiona aibu kuisoma hiyo namba kwa sauti, ujue pa kuanzia.

Siku hizi nikiulizwa nafanya nini, najibu: "Nasoma sosholojia, na mimi ni msusi." Ile "tu" nimeiacha mwaka wa pili.