Kuitafuta Sheria ya Nchi ya Kigeni Mtandaoni Kabla ya Kutia Saini

Anayetaka kununua kiwanja hushauriwa kwenda ofisi ya ardhi kukagua hati kabla ya kutoa fedha yake, na ushauri huo umekwisha kuzoeleka. Lakini mtu huyohuyo akiletewa mkataba wa kazi ya ng'ambo hutia saini kwa kuyaamini maneno ya wakala, kana kwamba sheria ya nchi ile ni siri isiyoweza kufikiwa na mtu aliyeko Tanga au Mombasa. Nchi nyingi siku hizi huchapisha sheria zake mtandaoni bila malipo, na simu ya mkononi yatosha kuzisoma. Ugumu uliopo ni kujua kama sheria uliyoipata ndiyo inayokuhusu, na kama ingali inatumika.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Binti ameahidiwa kazi za nyumbani huko Dubai. Wakala amemweleza kwamba pasi yake itatunzwa na mwajiri, kwamba siku ya mapumziko hutegemea hisani ya mwenye nyumba, na kwamba ada ya wakala itakatwa katika mishahara ya miezi ya kwanza. Je, ndivyo sheria isemavyo?

Kabla ya kuitafuta sheria yenyewe, ni lazima kujua nani huitunga. Dubai si nchi. Ni mojawapo ya falme saba zinazounda Umoja wa Falme za Kiarabu, na mambo ya kazi hutawaliwa na sheria za shirikisho zima. Atakayetafuta sheria ya kazi ya Dubai peke yake atapotea, kama atakavyopotea mgeni anayesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara akidhani inatumika pia Zanzibar, ambako ipo Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005. Kwa kujifunza muundo wa nchi, mahali pazuri pa kuanzia ni GlobaLex, mkusanyo wa makala wa Chuo Kikuu cha New York unaoeleza mifumo ya sheria nchi kwa nchi, au miongozo ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kurasa hizo ziko kwa Kiingereza na huandikwa na wataalamu. Zichukuliwe kama ramani, si kama shamba lenyewe, na msomaji atazame kwanza tarehe ambayo makala husika yalipitiwa kwa mara ya mwisho.

Baada ya hapo binti wetu aelekee kwenye matini ya sheria. Umoja wa Falme za Kiarabu una tovuti maalumu ya sheria za shirikisho, uaelegislation.gov.ae, yenye Kiarabu na tafsiri ya Kiingereza. Ipo pia tovuti ya wizara inayosimamia kazi, mohre.gov.ae. Mwisho wa anwani husaidia kuitambua tovuti ya serikali: kwetu ni .go.tz, Kenya ni .go.ke, huko ni .gov.ae. Kanuni hii ina mwanya wake, kwani tovuti kuu ya serikali hiyo ni u.ae tu; hata hivyo, kwa kawaida yafaa. Shirika la Kazi Duniani nalo huweka hazina iitwayo NATLEX, yenye kumbukumbu za sheria za kazi za nchi mbalimbali, nayo hufaa sana pale mtu asipojua hata jina la sheria anayoitafuta.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiandika katika Google maneno ya "sheria ya kazi" pamoja na jina la nchi hiyo, utaletewa upesi Sheria Na. 33 ya mwaka 2021. Ni sheria halali, inatumika, na inaeleza vizuri saa za kazi na likizo. Lakini kifungu cha 3 kinawaondoa wafanyakazi wa nyumbani katika sheria hiyo. Mtanzania au Mkenya hatarajii jambo hilo, kwa sababu huku kwetu sheria kuu ya ajira humhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo, katika sheria yoyote ya kigeni, msomaji aanze na vifungu vya mwanzo vinavyotaja nani anahusika na nani ametolewa, hata kama vinachosha. Haki iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine haimsaidii.

Mtego wa pili ni sheria iliyokwisha kufa. Wafanyakazi wa nyumbani walikuwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2017, na nakala zake bado zimezagaa mtandaoni, katika makala za mawakili na hata katika majibu yanayotungwa na akili mnemba, ambayo huchanganya ya zamani na ya sasa bila kusita. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Na. 9 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huohuo. Hiyo nayo ilirekebishwa mwaka 2023 katika utaratibu wa migogoro, na sasa wizara yaweza kutoa uamuzi katika dai lisilozidi dirhamu 50,000. Ili kujua sheria ingali hai, soma vifungu vya mwisho, ambamo hutajwa sheria zilizofutwa na tarehe ya kuanza, kisha tafuta namba yake pamoja na neno "marekebisho".

Sasa maneno ya wakala yapimwe. Sheria ya 2022 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki, yenye malipo. Inampa saa zisizopungua 12 za kupumzika kila siku, 8 kati yake zikiwa mfululizo, na likizo ya siku zisizopungua 30 kwa mwaka. Ofisi ya uajiri imekatazwa kudai au kupokea kamisheni kutoka kwa mfanyakazi. Kuhusu pasi, tovuti ya u.ae inaeleza kwamba mfanyakazi anayo haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Katika mambo matatu aliyoyasema wakala, hakuna hata moja lililosimama.

Lugha ina uzito wake. Tafsiri ya Kiingereza ni msaada. Mbele ya mahakama za nchi hiyo, Kiarabu ndicho kinachotawala. Mkataba ukiwa na lugha mbili, mtafute mtu anayekijua Kiarabu alinganishe mshahara, muda na aina ya kazi katika pande zote mbili. Kwa bahati njema, watu wa namna hiyo si adimu katika pwani yetu.

Hukumu za mahakama zisimsumbue mno. Sisi tuliorithi mfumo wa Kiingereza hufuata sana kesi zilizoamuliwa, ndiyo maana TanzLII na Kenya Law zina maelfu ya hukumu. Katika Falme za Kiarabu, ukiacha mahakama za maeneo maalumu ya fedha, uzito mkubwa uko katika sheria iliyoandikwa.

Vifungu vilivyopatikana vihifadhiwe: namba ya sheria, namba ya kifungu, anwani ya ukurasa na tarehe vilipotazamwa. Nakala moja iwekwe katika simu na nyingine ibaki kwa ndugu nyumbani, kwa kuwa simu huweza kuchukuliwa. Kisha binti arudi kwa wakala, amwoneshe kifungu kinachohusu kamisheni, na kumwomba aandike katika mkataba kwamba mshahara hautakatwa. Wakala akikataa kuandika, fedha na pasi zisitolewe siku hiyo.