Mafunzo Niliyopata: Kwenda Bruxelles kwa Bei Nafuu Ukianzia Kasumbalesa

Sisi wa Kasumbalesa tumezoea kuonewa huruma. Malori ya shaba yamepanga mstari mlangoni kwetu, na ndugu wa Lubumbashi wanadhani kila anayetaka kwenda Ulaya lazima kwanza apande kwao. Kwa habari ya ndege, mimi naona tuliobahatika ni sisi. Uwanja wa Luano, Lubumbashi, uko karibu kilomita 90. Uwanja wa Simon Mwansa Kapwepwe, Ndola, uko kama kilomita 150 kwa lami. Anayevumilia basi hadi Lusaka anao pia uwanja wa Kenneth Kaunda. Mkazi wa Mbuji-Mayi hana uchaguzi huo.

1. Tafuta bei katika viwanja vyote vitatu, kwa tarehe ileile

Kampuni zote za ndege zilizosajiliwa Kongo zimepigwa marufuku kuruka katika Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo hata ukianzia Luano, utapelekwa Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg na kampuni ya kigeni. Ethiopian na Kenya Airways zinatua Luano, na zinatua Ndola pia. Ikiwa kampuni ni ileile na kituo cha kubadilishia ni kilekile, sababu ya kulipa zaidi ni nini?

Mara nyingi ni ada. Kwetu kuna Go-Pass, iliyoanza 2009 kwa dola 50 kwa kila abiria wa safari ya nje. Mtu mmoja anaweza kuzimeza. Baba, mama na watoto watatu wameshatoa dola 250 kabla ya kuona mlango wa ndege. Zambia nayo ina ada zake, lakini huwa zimo ndani ya bei ya tikiti, na mara nyingi nimekuta Ndola inashinda hata baada ya kuhesabu nauli ya barabarani.

Lusaka ni hesabu nyingine. Pale zinagombania abiria Emirates, Qatar na Turkish, na mashindano yanashusha bei. Lakini kutoka Ndola hadi Lusaka kuna zaidi ya kilomita 300 nyingine, na ukifika utalala na kula. Mimi huenda Lusaka pale tu tofauti ya bei inapolipa basi, chumba na chakula, kisha ikabaki ya maana. Tofauti ya dola 40 isikudanganye.

2. Mpaka ni sehemu ya safari ya ndege

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu anayechelewa mpakani hununua tikiti mara mbili. Foleni ya malori haimhusu anayetembea kwa miguu, ila inaweza kulifunga gari lako dogo. Kwa hiyo mimi navuka kwa miguu, kijana wa mkokoteni akinibebea sanduku kwa bei tuliyopatana kabla hajaligusa, halafu natafuta gari upande wa Zambia: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Kukodi gari Lubumbashi ili upite nalo mpakani ni anasa.

Karatasi ya mpakani inayotupeleka sokoni Chililabombwe haimpandishi mtu ndege. Unahitaji pasipoti yenye muhuri wa DGM wa kutoka na muhuri wa Zambia wa kuingia. Beba na kadi ya njano. Tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha yote, kwa hiyo anayekuambia kadi yako ya zamani imekwisha muda, mwonyeshe kwa upole kanuni ya Shirika la Afya Duniani.

Vuka siku moja kabla, ulale Kitwe au Chingola. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache kwa sababu ya mzozo wa biashara, na aliyepanga kuvuka asubuhi na kuruka mchana alibaki akitazama geti. Chumba cha Kitwe ni bima ya bei ndogo.

Jambo moja zaidi: uwanja mpya wa Ndola, uliofunguliwa 2021, uko nje ya mji, kwenye barabara ya kutoka Kitwe. Ukipanda basi dogo linaloandikwa Ndola, mwambie dereva akushushe njiani penye njia ya uwanja. La sivyo utapitishwa hadi mjini, kisha ulipe teksi kurudi ulikotoka.

3. Tikiti moja hadi mwisho

Kwenye simu utaona mtego huu: Ndola hadi Nairobi kwa kampuni moja, kisha Nairobi hadi Ulaya kwa nyingine, na jumla inapendeza. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, wala hakuna wa kukulipa. Katika tikiti moja, kampuni inawajibika kukufikisha.

Tena sisi wenye pasipoti ya Kongo tuna mzigo wetu. Tumo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanadaiwa visa hata ya kupita tu ndani ya uwanja wa ndege wa Schengen, na Uingereza nayo inatudai visa ya kupita. Mwenye visa ya Schengen ana amani Paris au Frankfurt. Lakini tikiti ya bei chee inayopita London itamlazimu kulipia visa nyingine, na uchee wote unaishia hapo.

4. Weka nafasi, usilipe

Ubalozi unataka kuona nafasi uliyoiweka, si tikiti iliyolipwa. Ombi la visa linaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Jibu la kawaida ni siku 15, na linaweza kufika 45. Ada ya visa ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi. Inatosha kuhatarisha hiyo.

5. Uliza ndege inatua wapi hasa

Zaventem ndio uwanja wa Bruxelles wenyewe. Treni iko chini ya jengo, na kwa takriban dakika 20 umefika Gare du Midi. Bei yake ina ada ya ziada iitwayo Diabolo, lakini hata hivyo teksi inaishinda mbali kwa ughali. Charleroi, ambako ndege za bei ya chini hutua, hujiita Bruxelles-Sud, ingawa basi lake huchukua karibu saa nzima kufika Gare du Midi. Yaya wangu wa Ixelles ana kanuni yake: "Ukitua Charleroi usiku, usinipigie simu." Beauvais ni hivyohivyo kwa Paris, kilomita kama 85.

Ukipata bei nzuri ya kutua Roissy, Paris, ichukue bila hofu: kuna treni ya kasi inayotoka palepale uwanjani hadi Bruxelles, na visa yako ni ileile.

6. Mfuko wa sombe

Samaki wakavu waliokusudiwa kuliwa nyumbani wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nyama na maziwa haviruhusiwi, na majani mabichi ya muhogo bila cheti cha afya ya mimea yatabaki kwa forodha. Usilipie kilo za ziada kwa kitu kitakachotupwa.

7. Tunza kadi ya kupandia ndege wakati wa kurudi

Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda kila abiria anayeondokea Ulaya, hata akiwa na kampuni ya Afrika. Ukifika Ndola umechelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la kampuni, fidia inaweza kufika euro 600, nayo hudaiwa kwa barua tu, bila wakili.