Aliyesemwa Ndiye Aliyesoma Ibada ya Maziko

Somo la wiki: Ulimi na jina la mwenzako
Soma: Mathayo 1:18–25, Mathayo 18:15–17, Kumbukumbu la Torati 19:15



Hapa Kuze nyumba zimeshikana. Ukikohoa usiku, jirani anakupa pole asubuhi. Ndugu akimpelekea dada mjane dawa, watu watatu wamemwona akipanda ngazi, na mmoja anahesabu dakika hadi ashuke. Kufika jioni dawa imesahaulika, zimebaki dakika. Katika utumishi nimeona mwisho wake: watu wanaogopa maneno, wanaacha kumtembelea. Dhambi haijathibitishwa, lakini mgonjwa amebaki peke yake.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1862, zama za Malkia Victoria, palikuwa na kundi dogo la wazungu kwenye mto Zambezi, katika Msumbiji ya leo: David Livingstone, wenzake wa msafara na wamishonari wachache. Mary, mke wa Livingstone, alifika mwaka huo kwa meli, pamoja na mhubiri kijana kutoka Scotland, James Stewart. Walikuwa wamesafiri pamoja kwa miezi kadhaa. Basi fundi wa injini wa msafara, George Rae, akaeneza maneno: eti kati ya hao wawili kuna jambo. Watu wachache, meli ndogo, joto na homa. Uvumi ukazunguka hadi ukamfikia Stewart mwenyewe, naye akauandika katika shajara yake.

Livingstone hakuuamini. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary alifariki kwa homa huko Shupanga. Kesho yake akazikwa chini ya mbuyu. Na nani alisoma ibada ya maziko? Ni James Stewart, kwa ombi la mume wa marehemu mwenyewe. Yule aliyesemwa alisimama mbele ya kaburi, kundi lote likimwona. Ni jibu gani la mdomo lingelizidi hilo?

Stewart aliendelea na kazi ya Bwana. Mwaka 1891 aliondoka hapa hapa Mombasa na msafara, akaanzisha misheni Kibwezi. Misheni ile ilihamia Kikuyu mwaka 1898, na ndiyo chimbuko la kanisa la PCEA. Hebu fikiria kama maneno ya melini yangemmaliza.

Sasa mtazame Yusufu. Mchumba wake ana mimba, na si yake. Ni nani kati yetu ana ushahidi mzito kama ule? Hata hivyo, kabla malaika hajamtokea, alikuwa tayari ameamua kutomwaibisha Mariamu hadharani. Umbea wa Nazareti ungekuwa na uhakika kabisa, na ungekuwa umekosea kabisa.

Basi tufanye hivi:

1. Jiulize: niliona dhambi, ama niliona mlango ukifungwa? Ulichokisia usikiseme kama ulichokiona.

2. Una wasiwasi? Nenda kwa mhusika mwenyewe kwanza. Grupu la WhatsApp si mhusika, na "tumwombee fulani" isiwe njia ya kupitishia habari.

3. Jambo likiwa zito, lipelekwe kwa wazee pamoja na mashahidi wawili au watatu. Lakini mtoto au mtu yeyote akiumizwa, kusema si umbea. Sema upesi, kwa anayeweza kumwokoa.

4. Mjane asiachwe. Ukiogopa maneno, nendeni wawili, mchana, lakini nendeni.

Mithali 26:20 inatufundisha kwamba mchongezi ndiye kuni za ugomvi. Neno likikufikia wewe, life hapo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
– Ni nani tumeacha kumtembelea kwa kuogopa maneno ya watu?
– Nani amechafuliwa jina kati yetu, na tutasimama naye vipi hadharani?

Ombi: Bwana, linda midomo yetu, na utupe ujasiri wa kusimama na anayesingiziwa. Amina.