Kufundisha Mchoro wa Shina na Majani

Mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha takwimu, hana budi kuanza na mambo wanayoyajua watoto. Katika vijiji vya Uwanda wa Juu wa Ufipa, safari ya asubuhi kwenda shuleni ni jambo linalomhusu kila mtoto. Tuchukulie kwamba wanafunzi 15 wa shule moja karibu na Sumbawanga wametaja dakika wanazotembea:

21, 8, 33, 14, 75, 25, 12, 42, 5, 18, 82, 27, 15, 38, 20

Namba zikiwa hivi hazisemi mengi. Tuzipange kwa mchoro wa shina na majani, ulioenezwa na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977. Tarakimu ya makumi ndiyo shina. Tarakimu ya mamoja ndiyo jani. Mwalimu aandike mashina ubaoni, kisha kila mtoto aje kuandika jani lake mwenyewe. Mwishowe majani ya kila shina yapangwe kuanzia dogo hadi kubwa:

0 | 5 8
1 | 2 4 5 8
2 | 0 1 5 7
3 | 3 8
4 | 2
5 |
6 |
7 | 5
8 | 2

Ufunguo: 4 | 2 maana yake ni dakika 42.

Mambo mawili yasisitizwe. Kwanza, majani yaachiane nafasi sawa, ili urefu wa mstari uonyeshe idadi ya watoto. Pili, mashina 5 na 6 yasifutwe ingawa hayana majani. Pengo hilo nalo ni habari.

Sasa tuusome mchoro. Watoto 10 kati ya 15 hutembea chini ya nusu saa. Tukihesabu hadi jani la nane tunapata namba ya katikati, dakika 21. Wastani, yaani 435 kugawanya kwa 15, ni dakika 29, kwa kuwa umevutwa na wale wawili waliojitenga. Lakini wastani huo hauwaonyeshi: mmoja hutembea dakika 75, mwingine 82, hata katika majira ya mvua. Mwalimu anayejua wastani tu huenda akawaadhibu kwa uvivu wanapochelewa. Aliyeusoma mchoro atauliza kwanza wametoka wapi.

Zoezi: Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo akusanye dakika za darasa lake, achore mchoro, kisha aeleze watoto wengi wako wapi, pengo liko wapi, na ni nani aliye mbali na wenzake.