SOMO: NENO "KUFUNGA" TUNAPOKWENDA KLINIKI

Leo tuangalie neno moja tu. Mtu hufika kliniki akasema "nimefunga", na muuguzi, ambaye mara nyingi anazungumza Kireno, hubaki akijiuliza: amefunga saumu au amefunga choo?

Kwa choo, Wareno husema "prisão de ventre", yaani kifungo cha tumbo. Hapo lugha mbili zimekutana. Lakini usiseme "constipação", kwa maana huku Msumbiji hayo ni mafua, na utapewa dawa ya mafua. Saumu ni "jejum". Useme mapema, kwa sababu dawa ya malaria haingoji futari, na mgonjwa ameruhusiwa kula akalipa siku zake baadaye. Kufunga kizazi ni upasuaji, haufanywi mama asipokubali. Chanjo haifungi kizazi, aseme nani asiseme nani.

Malalamiko mengi hutoka kwenye kufunga kidonda. Jeraha la risasi au la panga daktari hulisafisha, huondoa nyama iliyokufa na kulifunga bandeji, lakini halishoni siku hiyo. Hulitazama tena baada ya siku 4 au 5, na likiwa safi ndipo hulishona. Jamaa husema mgonjwa wao ametupwa. Sivyo. Jeraha chafu likishonwa mapema, juu huonekana limepona, kumbe ndani usaha unajaa, na vijidudu vya pepopunda hustawi mahali pasipo hewa. Uliza kama umechomwa sindano ya pepopunda. Bandeji usiifungue nyumbani. Ukiona homa, harufu mbaya, maumivu yanayozidi au taya kukaza, rudi kliniki siku hiyohiyo.

Kwa msiba hatusemi kufunga, twasema kuanua matanga. Tangu shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, wako wenzetu wasiojua ndugu zao wako wapi. Hawana kaburi, na matanga ambayo hayakukaliwa yataanuliwaje? Mtu kama huyo halali usiku, chakula hakimpiti, kila mashua ikiingia huenda kutazama nani anashuka. Msimwambie asahau, wala msimlazimishe kusema amekufa. Jina la aliyepotea liandikishwe Msalaba Mwekundu. Kutafutiwa ndugu hakulipiwi. Na asiyelala wiki baada ya wiki aje kliniki aseme hivyo hivyo, silali, hata kama mwilini hana jeraha.