Mwalimu Nyerere: Rais na Mfasiri

Aghalabu maisha ya Julius Kambarage Nyerere husimuliwa kana kwamba yalikuwa ya watu wawili: mwanasiasa aliyeongoza taifa, na mfasiri aliyejiburudisha kwa Shakespeare. Makala haya yanashikilia kwamba mgawanyo huo unatupotosha sisi wanafunzi wa fasihi.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, lugha yake ya kwanza ikiwa Kizanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaiongoza TANU tangu ilipoasisiwa mwaka wa 1954. Hayo yanajulikana. Mwaka unaostahili kuangaliwa kwa makini ni 1962. Januari, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kuimarisha chama. Novemba alichaguliwa kuwa rais kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura dhidi ya Zuberi Mtemvu, na tarehe 9 Desemba Tanganyika ikawa jamhuri. Mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi.

Tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilitoka mwaka wa 1963. Rais wa jamhuri changa, basi, aliwapa raia wake kisa cha mtawala anayeuawa na marafiki wanaodai kuiokoa jamhuri! Msomaji hushawishika kuuliza: alijiona Kaizari au Bruto? Naliona swali hilo kuwa jepesi mno. La msingi ni kwamba mjadala kuhusu mipaka ya madaraka ulipata Kiswahili chake kutoka kwa mwenye madaraka mwenyewe. Baadaye yakaja maasi ya wanajeshi ya 1964, mfumo wa chama kimoja wa 1965 na Azimio la Arusha la 1967. Mwaka wa 1969 alitoa tafsiri iliyorekebishwa, na jina la Mrumi huyo likaswahilishwa: Juliasi Kaizari. (Wanaodai kwamba mashairi yasiyo na vina yalianza na Kezilahabi katika miaka ya 1970 wangefaa kuifungua tafsiri hii kwanza.)

Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi. Wapo wanaolalamika kwamba anwani hiyo ni siasa tupu, kwani Shakespeare alimtaja mfanyabiashara, si bepari. Lalamiko hilo lina ukweli nusu. Neno bepari lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Siasa ya ujamaa ndiyo iliyolitia sumu ya unyonyaji. Mfasiri alichagua neno lenye maana zote mbili. Ujasiri wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika kiambishi: Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja, Antonio, ilhali ma- ya wingi inamweka Antonio mwema kapu moja na Shylock anayemdai.