Televisheni na Ugomvi wa Watoto

Katika Tunduma, mji wa mpakani mwa Tanzania na Zambia, kama ilivyo katika miji mingi nchini, watoto huona filamu nyumbani na vilevile katika mabanda ya video ambayo watu huyaita kwa utani "banda umiza". Filamu za mapigano hupendwa sana humo. Mtoto akitoka huko na kumrushia mwenziwe teke, wakubwa husema mara moja kwamba filamu imemharibu. Je, hukumu hiyo ina ushahidi?

Tuchukulie kwamba mwalimu amewahesabu wanafunzi wake, akaona kwamba waendao bandani hupigana zaidi kuliko wasiokwenda. Hesabu hiyo haitoshi. Yawezekana filamu ndiyo iliyowafundisha kupigana. Yawezekana pia kwamba mtoto mgomvi ndiye apendaye filamu za namna hiyo. Au mambo yote mawili yametokana na jambo la tatu, kwa mfano kukosa uangalizi nyumbani. Mambo mawili kwenda pamoja si hoja kwamba moja limezaa la pili.

Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu kuondoa utata huo. Mwaka 1961 waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliza. Mwaka 1963 walirudia jaribio hilo kwa kutumia filamu. Watoto waliiga, hata kwa maneno na mapigo yaleyale. Lakini mwanasesere hasikii maumivu, wala jaribio la dakika chache halielezi tabia ya miaka.

Leonard Eron na wenzake walifuata njia ndefu zaidi. Mwaka 1960 walianza kuwachunguza watoto wapatao 870 wa darasa la tatu katika jimbo la New York. Baada ya miaka 10 waliona kwamba wavulana waliopenda vipindi vya mapigano walipokuwa na umri wa miaka 8 walielekea kuwa wagomvi zaidi walipofikia 19. Kwa wasichana uhusiano huo haukuonekana.

Ushahidi unaovutia zaidi ni wa mahali ambapo televisheni ilichelewa kufika, kwa kuwa huko watoto waweza kupimwa kabla na baada. Mji mmoja wa Kanada, ambao watafiti waliuficha kwa jina la Notel, ulipata televisheni mwaka 1973. Miaka miwili baadaye ugomvi wa watoto uwanjani ulikuwa umeongezeka. Katika kisiwa cha Saint Helena, kilichopata televisheni mwaka 1995, watafiti hawakuona ongezeko kama hilo. Walitaja uangalizi wa karibu wa jamii ile ndogo kuwa sababu mojawapo. Basi picha ileile haina nguvu ileile kila mahali.

Tanzania Bara nayo ilichelewa: kituo cha kwanza cha televisheni kilianza mwaka 1994. Nafasi ya kupima "kabla" imekwisha kupita. Hata hivyo, jaribio la mwaka 1961 halikutumia filamu yoyote. Aliyeigwa alikuwa mtu mzima mwenyewe. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009, takriban robo tatu ya vijana wa Tanzania waliohojiwa walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Anayelaumu banda peke yake ameiacha fimbo nje ya hesabu.

Wanafunzi wa Tunduma au Vwawa wakitaka kuchunguza jambo hili shuleni, waamue kwanza ni tendo gani litakaloitwa ugomvi na lipi ni mchezo tu. Kisha wahesabuji wawili, kila mmoja peke yake, waandike wanayoyaona wakati wa mapumziko, bila kujua ni mtoto yupi aendaye bandani na yupi asiyekwenda.